Mchoraji Mwenye Ndoa: Pigeni Hesabu Kabla Picha Haijatoka Bagamoyo

Mume akiona mtandaoni picha aliyoichora mkewe imewekwa dola 1,000, kichwani anahesabu dola 1,000. Majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani yanayouza picha kwa kawaida huchukua nusu ya bei. Toa tena turubai, rangi na usafirishaji. Mpigie mwenzio hesabu hiyo kwenye daftari mapema. Ukingoja pesa ziingie, utaonekana unaficha.

Panapoumiza zaidi ni kwenye punguzo. Tuseme mnunuzi mkubwa amepunguziwa asilimia 20, picha ikaenda kwa 800. Mkataba usiposema punguzo linamkata nani, jumba linaweza kubaki na 500 zake nawe ukapewa 300, wakati nusu kwa nusu ingekupa 400. Basi iandikwe kwamba punguzo lolote lisilo na idhini yako ya maandishi litoke kwenye fungu lao. Iandikwe pia vipimo vya kila picha, tarehe ya kurudishwa, nani analipia bima na mzigo wa kurudi, na kwamba utalipwa ndani ya siku 30 baada ya mnunuzi kulipa. Ukumbi wa kitajiri humtia msanii haya ya kuuliza mambo ya pesa, hasa akiwa mwanamke mweusi peke yake kati ya wageni. Uliza tu. Jumba linalokasirikia swali la tarehe ya malipo halifai kukabidhiwa hata picha moja.

Saini ya kwenye picha ibaki ileile baada ya harusi. Ila jina la mkataba lifanane na la pasi ya kusafiria na la akaunti, la sivyo benki inaweza kuzuia fedha.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuiuza na kuingia mikataba, kwa hiyo saini yako inatosha. Hakimiliki nayo haiendi na turubai: anayetaka kuchapa mchoro wako kwenye kanga akulipe kivyake.

Ukipata mwaliko wa kwenda kuchora nje wiki 6, mpe mume barua yenyewe asome, pamoja na tarehe ya kurudi. Kubalianeni nani atabaki na watoto na ada yao ya shule italipwa na nani. Kisha nendeni wawili mkawaambie wakwe, kabla hawajasikia kwa majirani.