Kukumbuka nakshi kwa kuitazama mara moja

Vijana wanaokuja kujifunza uchongaji wa milango hapa Lamu huniuliza wafanyeje ili wakishaitazama nakshi waichore juu ya mbao bila kurudi kuitazama tena. Huwaambia wajipime kwanza.

Panga juu ya sinia vitu vidogo 12 vya nyumbani: ufunguo, sarafu, kikombe cha kahawa, kifungo, limau, chochote kilicho karibu. Vitazame kwa nusu dakika, kisha vifunike kwa leso. Mwenzako aondoe kimoja, au vikiwa vyote abadilishe viwili mahali. Funua, useme kilichobadilika. Wakati wa kutazama rudia kwa sauti silabi moja tu, "la, la, la". Ukivitaja majina kimoyomoyo utakuwa unapima kumbukumbu ya maneno, wala si ya macho. Wengi huliruka sharti hili, nami naliona kubwa kuliko yote.

Ukishika vichache usihuzunike. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Steven Luck na Edward Vogel, waliwaonyesha watu miraba ya rangi kwa muda usiofika hata sekunde moja, wakakuta kwamba hushikwa kama minne tu. Lakini kitu chenye rangi na mwelekeo wake kilihesabika kimoja, si viwili. Kwa mchongaji hiyo ni habari njema sana.

Simama basi mbele ya mlango wa zamani hapa mjini. Usihesabu petali. Tafuta ua linalorudiwa, tazama limeungana vipi na jirani yake, halafu angalia kama upande wa kushoto wa kizingiti cha juu unalingana na wa kulia. Ukilingana, umebakiwa na nusu tu ya kukumbuka. Mfaa, yaani ubao uliosimama katikati ya mlango, uutazame peke yake. Geuka, chora papo hapo hata kama mkono unasitasita, kisha linganisha. Ulipokosea ndipo pa kukazia macho kesho.

Michezo ya simu inayodai kukuza akili siitegemei. Mtu huwa hodari katika mchezo aliouzoea, na faida ndogo mno huvuka kwenda kwenye kazi nyingine. Anayeshona kofia ajizoeze kwa kofia.

Na mzee wako akianza kupotea katika vichochoro alivyokulia, hilo si la sinia na leso. Mpeleke hospitali mapema, na macho yake yapimwe pia.