Maswali ya Wasomaji: Mbona Walatvia Huita Mkate "Maize"?

SWALI: Dada yangu anasoma Riga, Latvia. Amenitumia picha ya mkate mweusi ulioandikwa "rudzu maize". Je, ni mkate wa mahindi, kama maize ya Kiingereza? Nauliza kwa sababu ngano inanidhuru na nakusudia kwenda kumtembelea. Tena, neno hilo walilitoa kwa Waingereza? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, hamna hata punje ya hindi humo. Maize kwa Kilatvia ni mkate, na rudzu ni "wa rai", nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Rai nayo ina glutini, protini iliyomo pia katika ngano. Ikiwa hiyo ndiyo inayokudhuru, mkate huo usiuguse.

Kufanana na neno la Kiingereza ni sadfa tupu. Waingereza walilipata lao kwa Wahispania, na Wahispania kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, baada ya Columbus kufika huko 1492. La Walatvia ni la nyumbani. Maelezo yanayokubalika zaidi hulihusisha na miezis, yaani shayiri, ambayo kwa Kilithuania ni miežis. Tofauti ya ai na ie isikutie shaka, kwani lugha za Baltiki, ukoo wa Kilatvia na Kilithuania, hugeuza irabu ya mzizi hivyo hivyo kuzaa neno jipya: Kilithuania huita theluji sniegas, na chembe yake moja snaigė. Basi yaelekea maize ilianza kuwa chakula cha shayiri, kisha rai ikatwaa mashamba, jina likabaki mezani. Sisi wa Uganda tusishangae. Posho lilikuwa neno la mgawo wa mfanyakazi, na kwa kuwa mgawo wenyewe ulikuwa unga wa mahindi, leo ukiagiza posho na maharage hakuna anayefikiria ujira.

Neno hilo hubeba pia maana ya riziki. Maizes darbs ni kazi ya kumpatia mtu mkono uende kinywani, hata kama moyo wake uko kwingine. Sālsmaize, kwa tafsiri ya moja kwa moja "chumvi-mkate", ni sherehe ya kuhamia nyumba mpya, ambapo wageni huja na mkate wa rai na chumvi. Ukilitamka, usiseme ma-I-ze kama tulivyozoea kwa Kiswahili. Mkazo uko mwanzoni na ai ni silabi moja: MAI-ze.

Dukani sasa. Mahindi ni kukurūza. Ukitamani posho, tafuta kukurūzas milti, unga wa mahindi, ambao mara nyingi huwa wa njano. Usichanganye na kukurūzas ciete: huo ni wanga mtupu, na ukiusonga utapata uji mzito unaovutika kama gundi. Hata mkate ulioandikwa kukurūzas maize usiuamini kwa jina, maana huweza kuchanganywa na ngano. Soma orodha ya viungo, sastāvdaļas, uangalie kama kuna kviešu (ya ngano), rudzu (ya rai) au miežu (ya shayiri). Sheria za Umoja wa Ulaya hudai nafaka hizo zionekane wazi katika orodha, kwa kawaida kwa herufi nzito. Maneno ya kukutuliza moyo ni bez glutēna, bila glutini.

SWALI: Je, Walithuania nao husema maize? – Msomaji, Mbale

JIBU: La, wao husema duona, neno lenye jamaa wa mbali: dhānāḥ ya Kisanskriti, maana yake nafaka, na dāna ya Kiajemi, punje au mbegu. Waprusi wa kale, ambao lugha yao ya Kibaltiki ilikufa mwanzoni mwa karne ya 18, waliuita mkate geits. Lugha tatu za ukoo mmoja zinazofanana hata katika neno lenye maana ya "siku", zikifika kwenye mkate kila moja inashika njia yake! Ila ukiwa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, duona hasa ni ule mweusi wa rai. Mkate mweupe wa ngano, wa kuchovya kwenye chai, dukani huitwa batonas.