Kabla Skripti Yako Haijauliza Swali, Ihakikishe Kama Kuna Mtu wa Kujibu

Katika kazi ya kutunza seva nimekutana mara nyingi na skripti zinazofanya vizuri zikiendeshwa kwa mkono, ambazo zikikabidhiwa cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba bila mtu) usiku hukwama au huharibu data. Chanzo, aghalabu, ni kuchanganya maswali mawili: je, sheli hii (programu inayopokea na kutekeleza amri, kama Bash) ni shirikishi, yaani inasubiri amri za mtu moja baada ya nyingine, na je, mkondo wa data wa kuingia au wa kutoka umeunganishwa na terminali, yaani dirisha ambamo mtu huandika amri na kusoma majibu?

Swali la kwanza ni la faili la .bashrc, lenye mipangilio ambayo Bash huisoma inapoanza. Faili hilo huweza kusomwa pia pale Bash inapoitwa kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kutekeleza amri moja tu, na kama umeweka humo echo (amri ya kuchapisha maneno) ya salamu, maneno hayo huingia katika mawasiliano ya rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, nayo hukatiza kazi ikilalamika kwamba matoleo ya protokali hayalingani. Nimeshuhudia nakala rudufu za ofisi nzima zikisimama kwa sababu ya mstari mmoja wa aina hiyo. Kinga yake ni kutazama kigeu $-, kinachoonyesha hali ya sheli, na kutoka mapema kisipokuwa na herufi i, ambayo ni alama ya sheli shirikishi:

case $- in *i*) ;; *) return ;; esac

Mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu huiweka kinga hii mwanzoni mwa .bashrc; tafadhali usiifute, wala usiandike echo juu yake.

Ndani ya skripti kipimo hicho hakifai, kwa kuwa Bash inayoendesha skripti si shirikishi hata kama umekaa mbele ya terminali. Hapo tumia [ -t 0 ], inayopima kama mkondo wa kuingia umeunganishwa na terminali, kabla ya kuuliza swali, na [ -t 1 ], inayopima mkondo wa kutoka, kabla ya kupaka maandishi rangi, ili alama za rangi zisichafue faili la kumbukumbu. Katika Python, sys.stdin.isatty() hufanya kazi ya ile ya kwanza.

La hatari zaidi ni swali la kuthibitisha ufutaji. Chini ya cron amri ya read, inayosoma jibu la mtu, haipati kitu, kigeu hubaki kitupu, na skripti inayochukulia utupu kuwa "ndiyo" hufuta kila kitu bila idhini ya mtu. Pasipo terminali, skripti iseme kosa na isimame kwa msimbo usio 0 (ishara kwamba kazi imeshindwa), isipokuwa mwendeshaji ameidhinisha ufutaji waziwazi kwa chaguo kama --ndiyo. Nami siikabidhi skripti kwa cron kabla ya kuijaribu hivi, kwenye data ya majaribio, ili mikondo ya kuingia na ya kutoka isiwe na terminali (/dev/null ni faili tupu daima):

./safisha.sh < /dev/null | cat