Kupima uvumilivu wa joto kwenye mahindi: kwa wanaoanza kazi maabara

Kabla hujagusa jeni yoyote, hakikisha unachopima ni joto, si kiu. Ukitoa miche kwenye nyuzi 25 ukaiingiza kwenye nyuzi 40 na unyevu wa hewa ukabaki asilimia 60 vilevile, nguvu ya hewa kuvuta maji kwenye majani inapanda kutoka takribani kilopaskali 1.3 hadi karibu 3. Majani yanafunga stomata (vitundu vyake vya kupitishia hewa na mvuke), jeni za ukame zinawaka, nawe unaziandika kuwa jeni za joto. Pandisha unyevu hadi asilimia 80 hivi na umwagilie mapema. Halafu pima joto la jani lenyewe, themokapo (kihisi joto cha waya) ikigusa upande wa chini, kwa sababu jani linalopoteza maji hujipooza na linaweza kuwa chini ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa.

Ndani ya seli, HSP70 na HSP90, ambazo ni protini za mshtuko wa joto (HSP), kwa kawaida huvishikilia vidhibiti vya jeni viitwavyo HSF visifanye kazi. Joto likipanda, protini nyingi huanza kupoteza umbo, na HSP hizo huvutwa kwenda kuzihudumia. HSF zilizoachiwa huungana tatu tatu, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za HSP zaidi. Moja ya protini hizo, HSP101, ndiyo ya kuielewa vizuri: ikishirikiana na HSP70, hufumua mabonge ya protini ambazo tayari zimegandamana. Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, ikikosa HSP101 hukua vizuri tu kwenye joto la kawaida. Ukiizoesha joto kisha ukaipiga nyuzi 45, inakufa, ilhali mimea ya kawaida iliyozoeshwa hivyo hivyo inapona.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili tofauti: uvumilivu wa kuzaliwa nao na ule unaopatikana kwa kuzoeshwa. Kwa Arabidopsis, kuzoesha hufanywa mara nyingi kwa nyuzi 38 dakika 90, kisha nyuzi 22 saa mbili, ndipo nyuzi 45. Usiinakili ratiba hiyo kwa mahindi. Fanya jaribio dogo kwanza, utafute kiwango na muda vinavyoua karibu nusu ya miche isiyozoeshwa. Hapa wengi huharibikiwa bila kujua: chumba cha kukuzia kinachopanda polepole kutoka nyuzi 25 hadi 45 hupitia nyuzi 38 njiani, na miche uliyodhani umeishtukiza huwa imeshazoea. Pasha chumba kwanza, ndipo uingize miche.

Kwa RNA, yaani nakala zinazoonyesha jeni zipi zimewaka, kata jani na ulitumbukize kwenye nitrojeni kimiminika papo hapo, kisha hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. RNA za HSP hupanda ndani ya dakika chache, hivyo chukua sampuli ya dakika 30 na ya saa 1. Ukingoja kesho, nyingi zitakuwa zimeshuka. Kila saa ya sampuli iwe na miche yake isiyopashwa, maana jeni hizi hubadilika pia kwa saa za siku. Jeni ya marejeo, ile unayolinganishia nyingine, usiichague kwa mazoea: ipime kwanza uone kama haiyumbi kwenye joto.

Uharibifu wa utando wa seli ni rahisi kuupima kwa chumvi inayovuja kwenye maji. Kata vipande vya jani vya ukubwa sawa, vioshe mara tatu kwa maji yasiyo na ioni ili kuondoa chumvi iliyovuja kwenye kingo zilizokatwa, viloweke usiku kucha kwenye maji mapya ya aina hiyo, pima upitishaji umeme wa maji hayo. Chemsha vipande na maji yake, acha vipoe hadi joto lile lile la awali, pima tena. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100. Ukiruka kuosha, hata miche mizima itaonekana imeungua.

Na mche uliopona usiuite mbegu ya shamba la joto bado. Chavua iliyokomaa huitikia joto kwa HSP chache sana kuliko jani, kwa hiyo aina inayosimama imara ikiwa mche inaweza kutoa magunzi yenye mapengo joto likiikuta kwenye mbelewele. Chavua nayo ina kipimo chake.