Nilimtoa aliyesema kweli

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: "Anayetumia lugha chafu kwenye kundi la mtandaoni afukuzwe papo hapo, au aonywe kwanza?" Nimelisoma asubuhi, nikaweka simu chini, mchana nikalirudia. Huu ni mwaka wa sita nikiwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wanaoishi na kifafa. Kile kitufe cha kumwondoa mtu nimekibonyeza mara nyingi, na mara moja kati ya hizo inaniuma mpaka leo.

Nitajibu, lakini si hasa kile mlichouliza. Anayetukana hanisumbui sana. Huyo kila mtu anamwona, na kundi zima linapiga kelele atolewe. Anayeninyima usingizi ni yule anayeandika kwa upole, "pole mpenzi", "dada yangu wa moyoni", maua matatu mwisho wa ujumbe, na katikati ya upole huo anasema jambo litakalomdhuru mtu. Kanuni zetu hazikuwa na jicho la kumwona huyo. Zimeandikwa kuchunga sauti, zikasahau kuchunga maneno.

Tulikuwa na kanuni saba. Ya kwanza ilikuwa heshima. Ya pili, ya humu yabaki humu. Ya nne ilikataza kutajiana vipimo vya dawa, kwa sababu kipimo cha mtoto kinatoka kwa daktari wa mtoto huyo na si kwa mzazi mwenzake. Nyingine zilikuwa za kawaida, kama vile hakuna biashara, hakuna siasa, hakuna kusambaza ujumbe usiojulikana ulikotoka. Zote ziliwekwa kwenye maelezo ya kundi, na kila mgeni alitumiwa nakala. Kanuni ya pili inanibana hata hapa, kwa hiyo kabla ya kuandika nilimpigia mama wa mtoto ninayetaka kumzungumzia nikamwomba ruhusa. Alikubali, mradi nisitaje kitu cha kumtambulisha.

Ilikuwa mwaka 2021, Jumapili usiku. Mama huyo aliandika kwamba mtoto wake wa miaka saba anasinzia darasani tangu dawa ilipoongezwa, anasahau alichofundishwa asubuhi, na mwalimu ameanza kulalamika. Akauliza kama wengine wamepitia hali hiyo. Lilikuwa swali zuri, ndilo hasa lililofanya tuanzishe kundi. Watu watatu walimjibu kwamba nao yamewakuta, na kwamba arudi kliniki aeleze, dozi itaangaliwa upya.

Kisha akaja dada mmoja. Alikuwa mwanakundi wa siku ya kwanza, mtu ambaye alikesha na wengi wetu kwa simu usiku ambao mtoto ameanguka na mzazi hajui ashike wapi. Tulimpenda, na mimi bado nampenda. Aliandika: "Pole sana mpenzi wangu. Na wangu alikuwa hivyohivyo. Mimi nilianza kumpa nusu ya ile ya asubuhi, ya usiku nikaiacha kama ilivyo, akachangamka kabisa. Jaribu taratibu, mwili wake wenyewe utakuambia." Halafu maua. Watu wanne wakamjibu kwa mikono ya kushukuru.

Niliuona ujumbe ule, wala sitasema kwamba sikuuona. Nilijua umevunja kanuni ya nne. Nikajiambia nitamfuata inboksi kesho, nizungumze naye kwa utaratibu, maana mtu wa namna ile humkosoi mbele ya watu.

Hazikupita dakika kumi, bwana mmoja aliyekuwa na wiki tatu tu kundini akaandika. Nauleta ujumbe wake kama ulivyokuwa: "WEWE MAMA ACHA UJINGA. UNATAKA KUUA MTOTO WA WATU? DAWA YA KIFAFA HAIKATWI NUSU KWA SABABU ETI WAKO ALICHANGAMKA. MWENYE MTOTO USIMSIKILIZE HUYU, MPIGIE DAKTARI KESHO." Ukafuata wa pili, mfupi, wenye neno ambalo siwezi kuliweka kwenye gazeti.

Nilimtoa. Sidhani kama dakika moja ilipita. Pale katikati ya skrini ukatokea ule mstari mdogo ambao kila mwenye simu anaujua: fulani amemwondoa fulani. Hausemi kwa nini. Chini yake mimi nikaandika, "Tudumishe heshima ndugu zangu, hapa ni familia." Mioyo ikamiminika, na "asante admini" zikafuatana. Nililala vizuri usiku ule, kwa sababu niliona nimefanya kazi yangu.

Mtoto alipona, nalisema mapema ili msomaji asisome akiwa roho juu. Lakini mama yake alikuwa ameikata ile dawa ya asubuhi kuanzia Jumatatu. Dawa za kifafa zikipunguzwa au kuachwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na degedege likipita dakika tano bila kukoma hiyo ni dharura ya kukimbizana na hospitali. Siku ya nne alfajiri mtoto aliamka akitetemeka na halikukoma. Alilazwa siku mbili.

Nilijua karibu mwezi mzima baadaye, mama aliponipigia kuulizia jambo jingine kabisa. Aliponisimulia nilimuuliza, na nilikuwa natafuta pa kujificha, kama hakuuona ujumbe wa yule bwana. Akanijibu bila hasira yoyote, jambo lililoniumiza zaidi: "Niliuona. Lakini ulipomtoa nikajua alichosema si kweli."

Hapo ndipo swali lenu linaponishika. Mimi nilimtoa kwa sababu ya lugha. Mama yule, na sina shaka wengine wengi waliokuwa wakisoma kimyakimya usiku ule, aliuona mstari ule kuwa ni hukumu juu ya hoja. Na angeuonaje vinginevyo? Tazameni kilichokuwa kwenye skrini yake. Juu kuna ushauri mtamu wenye maua na mikono ya shukrani. Chini yake kuna mtu anayeupinga. Chini yake tena, huyo anayepinga ametupwa nje na msimamizi, na msimamizi anasifiwa. Mwenye ushauri ameachwa ameketi palepale. Hata mimi ningesoma hivyo.

Na ule ushauri ulibaki. Asubuhi yake nilimpigia yule dada, akalia kwenye simu, akataka kuufuta mara moja. Alishindwa. Wakati ule mwandishi aliweza kufuta ujumbe kwa wote ndani ya saa moja na dakika chache tu, na sisi wasimamizi hatukuwa na uwezo wa kufuta ujumbe wa mwingine. Uwezo huo WhatsApp waliuleta mwaka 2022. Ningeweza kuandika chini yake kwa maneno mawili kwamba ushauri huu usifuatwe. Sikuandika. Niliona tumeshamalizana na dada, na sikutaka kumwaibisha. Huo uungwana wangu kwa mtu mzima mmoja ulilipiwa na mtoto wa miaka saba.

Ndiyo maana nilipoanza kuifikiria barua hii nilikuwa na nia ya kusema kwamba kanuni ya heshima ishushwe, isiwe ya kwanza tena. Kwa Kiswahili neno heshima halisimami peke yake. Linauliza nani yuko mbele ya nani, nani alitangulia, nani ametusaidia. Ukiliweka juu ya kanuni zote bila kulieleza, linamlinda aliyezoeleka na kumbana mgeni, na msimamizi hata hatambui kwamba amependelea. Dada alikuwa na heshima ya miaka mitatu mgongoni. Bwana yule alikuwa na wiki tatu. Mimi nilidhani natekeleza kanuni, kumbe nilikuwa natekeleza ukongwe.

Kwamba herufi kubwa ni kupiga kelele si jambo la WhatsApp wala la jana. Mwaka 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za intaneti unaojulikana kama RFC 1855, na humo limo: herufi kubwa tupu zinaonekana kama unapaza sauti. Limo pia shauri ambalo ningependa kila msimamizi alijue, kwamba ujumbe wa hasira uachwe ulale hadi kesho yake ndipo utumwe. Mimi nililichukulia kama shauri la wanaotukana. Sasa naliona linawahusu zaidi wenye vitufe, kwa sababu neno la hasira angalau linaweza kujibiwa, lakini aliyetolewa hawezi kujibu kitu. Anabaki anayaona mazungumzo ya nyuma kwenye simu yake na hana pa kuandika.

Hadi hapo nilikuwa na msimamo wangu. Lakini nilipompigia yule mama juzi kuomba ruhusa, aliongeza jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Alisema ukweli ni kwamba ule ujumbe hakuumaliza. "Nilipoona herufi kubwa na neno kuua, moyo ulishtuka, nikaruka. Nikaona tu kwamba umemtoa." Rudini mkausome tena ujumbe wa yule bwana. Sentensi ya kumwokoa mtoto ndiyo ya mwisho.

Nimekaa na jambo hilo siku mbili. Mama aliyechoka, mwenye mtoto mgonjwa, saa nne usiku, hawezi kudaiwa achambue matusi atafute dawa ndani yake. Na nikakumbuka kwamba usiku uleule wazazi wawili waliondoka kundini wenyewe. Mmoja aliniandikia kwamba nyumbani kwake anatukanwa vya kutosha, kundi ndilo lilikuwa mahali pake pa kupumzikia. Huyo hakurudi. Kama mtoto wake ameanguka baada ya hapo, sijui alimuuliza nani. Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba lugha ni jambo dogo na hoja ndiyo kubwa. Kwa watu kama sisi lugha ndiyo mlango wa hoja, na yule bwana aliubamiza mwenyewe kabla mimi sijaugusa.

Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni inayohaririwa na watu wa kujitolea, wana kanuni ambayo zamani niliiona ya kikatili. Mhariri hatakiwi kutengua kazi ya wenzake kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, na kusema "lakini mimi ndiye niliye sahihi" hakumwokoi, isipokuwa kwa mambo machache kama vile kuondoa uharibifu wa wazi. Akivunja anaweza kuzuiwa. Ila kuzuiwa huko hakusemi kwamba alichoandika ni uongo. Hoja inabaki kwenye ukurasa wake wa majadiliano, wengine wanaendelea kuipima. Mwenendo unahukumiwa huku, hoja inapimwa kule. Hicho ndicho nilichokosa usiku ule: nilikuwa na kitufe kimoja, nikakitumia kwa mambo mawili.

Basi jibu langu, baada ya mzunguko wote huu, ni kwamba ndiyo, atolewe. Sikutarajia kuandika hivyo. Atolewe hata kama amesema kweli, lakini kwa siku moja, na ajue ni siku moja. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja malisho, maji ya mashamba na maeneo ya uvuvi, akaona kwamba zile zilizodumu huanza na adhabu ndogo na kuikuza pale tu mtu anaporudia. Kundi letu si malisho, lakini naona mantiki ni ileile. Na anayemtoa aandike palepale, chini ya ule mstari: ametolewa kwa lugha, kuhusu dawa amesema sahihi, ushauri wa hapo juu usifuatwe. Kama hana ujasiri wa kuandika hivyo mbele ya dada mpendwa, asimtoe mtu. Afunge kundi kwanza, waandike wasimamizi peke yao, uwezo huo upo tangu 2018, apumue saa moja.

Na ninasema haya kwa kundi la afya, la watu mia na kitu wanaojuana. Sijui kama yanafaa kwa kundi la mashabiki wa mpira, wala kwa lile lenye maelfu ya watu ambako msimamizi akianza kueleza kila anayemtoa hatafanya kazi nyingine. Wala sisemi kwa tusi la kabila, la dini au la kumdhalilisha mwanamke. Hilo kwangu halina siku moja.

Tumezigeuza kanuni zetu. Ya nne imekuwa ya kwanza, na anayeivunja anajibiwa hadharani ndani ya saa ileile, awe nani. Dada mwenyewe ndiye aliyependekeza iandikwe hivyo, na siku hizi ni msimamizi mwenzangu.

Yule bwana nilimtafuta mwaka uleule, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza siku nne, halafu akauliza mtoto anaendeleaje. Alirudi kundini. Tangu arudi nimemtoa tena mara mbili, siku moja kila mara, na mara zote mbili nimeandika sababu. Mara moja kati ya hizo niliandika pia kwamba alichokisema ni kweli.