Mteja analeta video ya TikTok, anataka nguo Jumamosi

SWALI: Hamjambo hapo. Mimi ni fundi wa nguo Kondele, Kisumu, niko kwa cherehani mwaka wa 11 sasa. Siku hizi mteja haniulizi najua kushona nini, anafungua simu ananionyesha video anasema nataka hii Jumamosi, nikimaliza anasema haifanani. Halafu kuna msichana influensa ako na wafuasi elfu 40, anataka magauni 3 ya bure ati atanitaja. Mtoto wangu anasema nisipoingia huko nitafunga duka. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, pole kwa hiyo presha. Mtoto hajakosea, ila hajamaliza. Zamani fasheni ilikuwa inashuka kutoka juu, Paris na Milan wanaonyesha nguo kama miezi 6 kabla ziuzwe, magazeti yanaamua gani ni kali, na sisi tunakuja kuikuta kwa mtumba pale Kibuye miaka baadaye. 2009 Dolce & Gabbana, kampuni ya fasheni ya Italia, wakaketisha mabloga, wale wa kuandika fasheni mtandaoni, mstari wa mbele wa onyesho lao kule Milan, mahali pa wahariri wakubwa, mwaka uliofuata Instagram ikaanza, na leo mtu akivaa kitu Lagos asubuhi, jioni mteja wako ashaiona. Hiyo hairudi nyuma.

Lakini usishindane na hiyo kasi, tafadhali. Viwanda vinavyokimbiza trendi vinakata maelfu ya nguo kwa saizi za jumla, na ile bei ya chini kuna mtu anailipia mahali. Rana Plaza kule Bangladesh iliporomoka 2013 ikiwa na viwanda vya nguo ndani, watu zaidi ya 1,100 wakafa, na nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake, bado mafundi wakaambiwa warudi kazini. Hao ni mafundi kama wewe, na mimi hilo bado huniuma.

Wewe uko na tepu ya kupimia. Nguo ya video unaweza kukuta imebanwa pini mgongoni, imepigwa taa, na mwenye kuivaa amesimama tu, lakini mteja wako atapanda boda nayo, atakaa kanisani masaa matatu, atanyonyesha. Ndio maana anaona haifanani. Kabla ushike makasi muulize anapenda nini kwa hiyo video, shingo ama mikono ama rangi, mara nyingi ni kitu kimoja tu, shona hicho halafu mengine ufuate mwili wake. Na umwambie mapema kama kitambaa cha video kinavutika na kitenge chake hakivutiki. Dipoziti nusu, kabla ya kukata.

Huyo influensa sasa. Elfu 40 si wateja. Mwambie akuonyeshe kwa simu yake wafuasi wake wako miji gani, akaunti ya biashara ya Instagram huonyesha hiyo. Kama wengi wako mbali, na wewe hutumi nguo kwa basi, mwambie asante. Kama wako Kisumu, Siaya, Kakamega huko, mshonee moja, kitambaa anunue mwenyewe, na aseme wazi kwa video kwamba ulimshonea bure, watu wasidhani alilipa.

Na usingoje yeye. Rekodi wateja wako wenyewe wakikubali, wakitembea, wakikaa, wakiinua mkono. Anza na yule aliyesema haifanani, mrekebishie kwanza, halafu umuombe.