Ukienda kuchukua kitambulisho, beba karatasi za mamako

Mpwa wangu katimiza 18 juzi akaniuliza shangazi, niende na nini kuchukua ID? Nikaona bora niandike hapa, najua si yeye peke yake.

Cha mamako usikisahau. Mie nlienda 2012, cheti cha kuzaliwa ninacho, barua ya chifu ninayo, kopi ya kitambulisho cha mama pia, karani akaniangalia buibui na pua akauliza kabila gani, nkamwambia Mswahili. "Mswahili si kabila. Babako katoka wapi?" Baba mzaliwa wa Pemba, nkasema ukweli, basi ikawa niende nikalete karatasi za baba, na baba keshafariki zamani. Nlirudishwa mara tatu jamani, na nauli yote hiyo kutoka Kisauni! (Wapemba wa huku Kenya wametambuliwa rasmi kuwa kabila la hapa 2023 tu, na Wamakonde wa Kwale ilibidi watembee kwa miguu kwenda Nairobi 2016 kudai uraia.)

Nlichokuwa sikijui ni kuwa Katiba ya 2010 kifungu cha 14 yasema mama AU baba. Mmoja atosha. Lakini wamezoea baba, kipande, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, kilikuwa cha wanaume Waafrika, wakining'inizwa shingoni, na wanawake hawakuandikishwa hadi sheria ilipobadilishwa 1978. Nyanyangu alipata chake ana watoto wanne, akakifungia kwenye kasha pamoja na dhahabu zake.

Ila msidhani ni sura tu. Kwenye laini ile ile kijana Mwarabu, mweupe kunishinda, kashuka kwa gari la babake kapitishwa mlango wa nyuma, kabila hakuulizwa. Na msichana wa Kiduruma nyuma yangu, ambaye hakuna wa kumwambia si Mkenya, alizaliwa nyumbani huko Kinango hana cheti, akarudishwa na nauli yenyewe alikopa. Kama ni wewe, anza na cheti kwanza, usingoje ufike 18.

Mara ya nne nkaenda na mama mwenyewe. Karani kamuuliza mumeo yuko wapi, mama akaweka kitambulisho chake juu ya meza: "Mzazi ni mie, andika." Akaandika, nkatiwa wino vidole siku hiyo hiyo.

Na kopi pigeni huku mtaani, pale nje ya ofisi wanakamua.